Siku za Kufunika Makali

Idara ya Afya ya Mkoa inapenda kuwajulisha wananchi wote wa kandokando ya mto kwamba kipimo cha damu cha homoni za tezi zilizo juu ya figo sasa kitafanyika nyumbani kwa mgonjwa; kwamba kipimo hicho ni salama na hakihitaji daktari; kwamba maumivu yake hayazidi dakika moja; na kwamba hakiachi athari yoyote ya kudumu kwa mtoto wala kwa familia yake.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa zahanati yetu, kati ya tangazo la mchezo wa bingo na la mtu aliyekuwa anauza boti ya injini isiyo na injini. Likakaa hapo mpaka jua la kiangazi, ambalo kwetu kaskazini ya mbali halina haraka ya kuzama, likayafuta maandishi. Sina sababu ya kulibishia. Liliandikwa na watu waliosoma, na kila sentensi yake ina utafiti nyuma yake.

Aliyelipokea kwa moyo mkunjufu kuliko wote kijijini alikuwa Agafia, mjane aliyekuwa akikausha samaki aina ya samoni wengi kuliko nyumba yoyote ya upande wetu wa mto. Mjukuu wake, Wassily, alizaliwa na tezi hizo zikiwa zimegoma kazi. Ugonjwa wenyewe, kwa mujibu wa vitabu, ni nadra sana duniani. Kwetu si nadra. Zamani mtoto alizaliwa mzima, akaanza kutapika, akanyauka kama jani, akazikwa, na jina lake likangoja mtoto mwingine. Siku hizi anapewa vidonge asubuhi, mchana na jioni, anakua, na anarudishwa nyumbani na mwalimu kwa kupigana. Kazi ya kipimo ni kujua kama vidonge vinamtosha. Vikipungua, homa ndogo tu inaweza kumzima kama taa. Vikizidi, anabaki mfupi maisha yake yote.

Kabla ya tangazo, kupima kulimaanisha ndege ya kwenda mjini, kulala kwenye hosteli ya wagonjwa, kula makaroni yasiyo na mafuta ya sili wa baharini, na kumwacha samaki apite mtoni bila kuvuliwa. Sasa ilikuja bahasha. Ndani yake mlikuwa na kadi nene yenye viduara vya kujaza damu, na kisindano kilichofichwa ndani ya kidude cha plastiki: ukikibonyeza kinaruka, kinachoma, kinarudi ndani, kama mtu aliyetoa neno baya kisha akafunga mlango.

Kitabu cha kanisa kinamwita mtoto huyo Wassily. Jina lake la kweli ni Ackiar, na Ackiar alikuwa mume wa Agafia, aliyefariki mtoto akiwa bado tumboni. Kwetu jina si la kurithi kama nyumba. Mwenye jina ndiye anayerudi, na mtoto wa kwanza kuzaliwa baada ya msiba humpokea, akapakwa maji na mwanamke mzee, na tangu siku hiyo anaitwa vile alivyoitwa marehemu na watu wake. Kwa hiyo Agafia alimwita mjukuu wake "mume wangu". Na binti yake Panigkaq, aliyemzaa mtoto huyo kwa uchungu wa siku nzima, alimwita "baba", na akamkemea kwa adabu zote anazostahili mzazi.

"Baba, pandisha suruali. Wageni wamekuja."

Matrona, jirani na mtani wa Agafia tangu utotoni, hakuwahi kuiacha nafasi hiyo ipite. Watani kwetu wana ruhusa ya kusema lolote, na Matrona aliitumia ruhusa yake kama mtu anayelipwa.

"Mumeo wa sasa ni mdogo," alimwambia, "lakini angalau hakoromi."

"Anakojoa kitandani," akajibu Agafia.

"Hata yule wa kwanza alikojoa. Tena akiwa na meno yote."

Kipimo nacho kilipata desturi yake. Wassily hakumruhusu mtu mwingine amchome. Olinka, mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye alisomea kazi hiyo na kupewa cheti chenye muhuri, alijaribu mara moja akang'atwa. Ilibidi awe Agafia. Mtoto alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono ukiwa ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu ili damu ishuke. Mama yake alimkumbatia kwa nyuma na kumwambia sikioni, "Baba, usikimbie. Mimi niko hapa." Agafia alibonyeza. Mtoto alikunja uso, hakulia, kisha akadai kipande cha samaki mkavu kama mtu aliyemaliza zamu.

Kadi ya kwanza Agafia aliitundika juu ya jiko, kwa sababu maisha yake yote chochote kilichohitaji kukauka kilikaukia hapo. Maabara ikapiga simu kusema kwamba sampuli imeungua. Kabla ya jioni Matrona alikuwa amekwishatangaza kwenye redio ya kijiji, ile tunayosikiliza wote jikoni, kwamba mwenye njaa aende kwa Agafia, kuna kadi ya kuokwa. Tangu hapo kadi zilikaushwa kwenye rafu ya dirishani, mbali na moto na mbali na mvuke wa masufuria. Hazikuharibika tena. Kwa miaka kadhaa kila kitu kilikwenda kama tangazo lilivyosema.

Mwaka ambao Wassily alitimiza saba, daktari wa mjini aliona kwamba harefuki inavyopaswa, akapunguza vidonge. Alieleza kwa simu kwamba ni hatua ya kawaida, lakini watazame: mtoto akilegea, akilala kuliko kawaida, akikataa chakula, basi huenda dozi imekuwa ndogo mno, na hapo damu ipimwe mara moja, asubuhi, kabla ya kidonge cha kwanza.

Huo ulikuwa mwanzo wa majira ya baridi, mto ukiwa ndio kwanza umeshika barafu. Panigkaq alipanda pikipiki ya theluji kumpelekea jamaa yake mmoja mzee samaki, kijiji cha pili. Alipita njia ambayo jana yake watu walikuwa wamepita. Barafu haikujua kuhusu jana. Wanaume walimtafuta kwa kulabu na kamba, wakampata chini kidogo ya mahali pikipiki ilipozama, wakamleta nyumbani wakiwa wamemfunika kwa turubai.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Agafia hakupiga kelele. Alikwenda jikoni, akachukua kisu chake chenye umbo la nusu mwezi alichopewa na mama yake, akakifunga kwenye kitambaa. Akafunga sindano za kushonea. Akafunga shoka, mkasi wa shule wa Wassily, wembe wa shemeji yake aliyekuja kulala hapo. Marehemu wa kike husafiri siku tano kabla ya kufika kwa wafu wenzake, na njia anayopita ni nyembamba, na hakuna aliye hai anayejua inapita wapi, sebuleni au chini ya meza au kando ya kitanda cha mtoto. Kwa hiyo kwa siku hizo nyumba yenye msiba haikati, haishoni, haichomi. Majirani huleta mkate uliokwisha kumegwa na nyama iliyokwisha kukatwa. Wanaume hufuga ndevu zisizowapendeza. Anayekata kitu humkata anayepita, na aliyekatwa njiani hafiki mzima. Sisemi kwamba kila mtu kijijini anaamini hivyo. Nasema kwamba sijaona nyumba yenye msiba ambayo mtu ameshika kisu.

Siku ya pili ya msiba Wassily hakuamka kula. Alikuwa amejikunja kitandani mwa mama yake, uso ukutani. Wakamwamsha akanywa vidonge, akalala tena. Alikataa supu. Alikataa samaki mkavu, jambo ambalo halijawahi kuandikwa katika historia yake. Mkono wake ulikuwa mlegevu kama utambi.

Wanawake waliojaa nyumbani walisema ni huzuni. Mtoto amefiwa na mama, mlitaka acheze? Hilo lilikuwa kweli. Ila kila dalili ambayo daktari alisema waitazame ilikuwa pale pia, imelala kitandani, uso ukutani. Huzuni ya mtoto na tezi iliyogoma huvaa nguo moja. Kinachoweza kuzitofautisha ni damu peke yake.

Olinka alimpigia daktari, kisha akaja, akasimama mlangoni na theluji yake mabegani. Alikuwa mtoto wa kaka yake Agafia, na marehemu alikuwa binamu yake; msiba ulikuwa wake pia.

"Shangazi," alisema, "daktari anataka damu. Kesho asubuhi, kabla ya vidonge."

"Umemwambia tuna msiba?"

"Nimemwambia. Amesema pole sana."

"Na baada ya pole?"

"Amesema kesho asubuhi, kabla ya vidonge."

Agafia aliuliza kama kungoja mpaka siku ziishe kungekuwa na ubaya gani. Olinka aliangalia chini. Akasema kwamba kama ni huzuni, hakuna ubaya wowote. Kama ni ile nyingine, huenda mtoto asiufikie mwisho wa siku zenyewe. Akaongeza kwamba yuko tayari kumchoma yeye, ijapokuwa naye ni mfiwa, ili shangazi yake asiishike sindano. Walijaribu asubuhi hiyo ilipofika. Wassily, ambaye hakuwa na nguvu ya kuinua kijiko, alipata nguvu ya kuficha mikono yote miwili chini ya tumbo na kulia kwa sauti ambayo iliwafanya wanawake watoke nje mmoja mmoja wakisingizia kwenda kulisha mbwa.

Mtu alipendekeza aitwe mwalimu, mgeni wa kutoka kusini ambaye hafungwi na miiko yetu. Agafia alikataa. Njia haiulizi anayekata ni wa kabila gani, alisema. Ni nyumba ile ile. Matrona alikuwa amekaa pembeni muda wote huo bila kutoa mzaha hata mmoja, na watu walikuwa wameanza kumwangalia kwa wasiwasi.

Basi Agafia akaleta ile ndoo, akaipindua. Akaleta bakuli la maji ya uvuguvugu. Akamwinua mtoto, akamkalisha, na kwa kuwa aliyezoea kumshika kwa nyuma hakuwepo tena, akamwegemeza kwenye ukuta, mkono ukiwa ndani ya maji. Akapiga magoti mbele yake. Alizungumza naye vile mke anavyozungumza na mumewe wanapokuwa na jambo zito la nyumba, kwa sauti ya chini, kama sisi wengine hatukuwepo.

"Mume wangu," alisema, "anayepita ni binti yetu. Yuko njiani sasa hivi. Nikikuchoma, naweza kumkata. Nisipokuchoma, naweza kukukosa na wewe. Nilikukosa mara moja. Wasemaje?"

Wassily alikuwa na miaka saba, na nadhani katika maneno yote hayo alielewa nusu. Akatoa mkono ndani ya maji, akaunyoosha.

"Mama ananiambiaga nisikimbie," alisema.

Agafia akabonyeza.

Hakuna kilichotokea. Naandika hivyo kwa sababu baadaye watu walidai kwamba taa ilicheza, au mbwa walilia. Mimi nilikuwepo, taa haikucheza. Damu ilitoka taratibu, tone baada ya tone, Agafia akajaza viduara vyote bila kuvigusanisha, kazi safi kama siku zote. Akambusu mtoto kidole. Akampa vidonge. Kisha akaenda kuiweka kadi kwenye rafu ya dirishani, akabaki hapo amesimama, mgongo kwetu, mkono wake umeishika ile rafu.

Daktari alipoambiwa kwa simu kwamba sampuli imepatikana alishukuru, akasema kwamba kwa usalama, wakati wanasubiri majibu, mtoto apewe dozi mara mbili. Olinka alimuuliza, kwa heshima aliyofundishwa, kama dozi hiyo ingeweza kutolewa jana bila damu. Daktari alisema ndiyo, ingeweza kabisa, ila wao hupenda kuwa na damu iliyochukuliwa kabla, inawasaidia kupanga. Olinka hakumweleza shangazi yake sehemu hiyo. Alinieleza mimi, mwaka mmoja baadaye, akiwa anafunga zahanati, na alihangaika na kufuli kwa muda mrefu kuliko kufuli lile linavyohitaji.

Siku hizo nyumba ya Agafia ilikuwa imejaa kama inavyopaswa nyumba ya msiba kujaa. Jikoni masufuria ya supu yalichemka tangu alfajiri, birika halikupumzika, makoti yenye theluji yalining'inizwa kila msumari yakidondosha maji. Kioo cha dirisha kilitiririka. Kadi ilikaa pale rafuni, mbali na moto kama ilivyotakiwa, katikati ya mvuke wa watu wote waliompenda Panigkaq. Ikatiwa kwenye bahasha. Ukungu ukashuka, ndege ya posta haikuja, kisha ikaja.

Wassily aliamka siku ya mazishi akaomba kula. Matrona alimletea bakuli la mafuta yaliyopigwa yakachanganywa na matunda madogo ya porini, akalimaliza, akauliza kama kuna jingine. Ilikuwa dozi iliyoongezwa, au alikuwa amelia vya kutosha, au vyote viwili. Wanawake walisema, tuliwaambia ilikuwa huzuni. Olinka alisema ilikuwa dawa. Padri, ambaye alikuja kuzika, aliposikia habari ya sindano alimhakikishia Agafia kwamba si dhambi. Hakuna mtu aliyekuwa amesema ni dhambi.

Majibu yalikuja siku za msiba zilipokwisha, visu vilipokwisha kufunguliwa. Maabara ilisema kwamba sampuli ilipokelewa ikiwa na unyevu na haifai kupimwa, tafadhali rudia. Ikarudiwa. Safari hii nyumba ilikuwa tupu na dirisha kavu, na majibu yalikuwa mazuri. Daktari aliridhika na dozi. Ile asubuhi nyingine, kama ilikuwa tezi au ilikuwa mama, hakuna anayejua, na kwa kuwa mtoto anaendelea vizuri hakuna ofisi inayohitaji kujua.

Agafia aliendelea kumtunza mjukuu wake na kumchoma kidole kila ilipotakiwa. Watu hawakumsengenya. Kwetu mtu aliyevunja mwiko kwa ajili ya mtoto husamehewa kabla hajaomba. Lakini yeye hakuomba, na hapo ndipo tulipokwama, maana msamaha usioombwa hauna pa kuwekwa. Alipomegewa mkate alikula, alipotaniwa alijibu, ila majibu yake yalichelewa kidogo, kama sauti ya simu ya mbali.

Barafu ilipoanza kupasuka, mjukuu wa Matrona alijifungua msichana, wa kwanza kuzaliwa kijijini tangu msiba. Kila mtu alijua jina. Hata waliotengeneza nyavu walikuwa wanalitaja. Matrona alikwenda kwa Agafia akiwa amevaa koti lake la kanisani. Agafia alikuwa anatenga samaki wa mwisho wa majira ya baridi, mimi nilikuwa nimeleta kuni, nikabaki mlangoni.

"Leo sikuja kutania," Matrona alisema.

"Naona. Umechana nywele."

"Tumepata msichana. Tunamtaka Panigkaq. Njoo umpake maji."

Agafia aliendelea na samaki wake. Akasema wampe mtoto jina la mama yake Matrona, mwanamke mwema, mchapakazi.

"Mama yangu amekwisha kurudi mara tatu, amechoka," alisema Matrona. "Agafia, hakuna mtu anayesema kitu."

"Najua hawasemi. Mimi ndiye niliyeshika sindano."

"Ulikuwa unamwokoa mtoto."

"Nilikuwa namwokoa. Naye alikuwa anapita." Aliweka samaki chini, akajifuta mikono. "Akifika kwa mtoto wenu akiwa haoni? Akiwa na mkono mmoja? Nitamwambia nini mama wa mtoto? Nimwambie nilikuwa na sababu nzuri?"

Matrona alikaa kwenye ile ndoo, akamshika mtani wake magoti, wakakaa hivyo. Wassily aliingia kutoka shule, akawaangalia, akauliza nani amekufa. Agafia akamwambia, "Hakuna, mume wangu. Vua viatu." Mtoto akavua viatu.

Mchana huo Agafia alikwenda nyumbani kwa akina Matrona. Alimpaka mtoto maji vizuri, pande zote nne, akamwombea macho makali na mikono miwili yenye nguvu, akampa jina la mama yake Matrona, kwa mara ya nne.

Wassily sasa amerefuka. Anamfikia bibi yake begani, na vidole vyake havina kovu lolote. Tangu mwaka ule wamezaliwa wasichana watatu kijijini. Wote wamepewa majina ya watu wengine.